Tovuti Zitakazobaki, na Antena ya Tata Bilali

UMOJA WA MAJIRANI WA BARABARA YA MASUKU, KOLWEZI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAWAIDA

Tarehe: Jumapili, 9 Novemba 2025
Mahali: Chumba cha kompyuta, gereji ya mwenyekiti

Waliohudhuria: Tata René Kalumba (mwenyekiti), Falonne (katibu), Tata Tshiamala, Tata Bilali, Mama Leila, Samy.
Hakuhudhuria: Guelord, aliye kazini kwenye mgodi wa Mashamba. Alituma udhuru.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao na kuomba maneno ya barabarani yabaki barabarani. Aliketi katikati ya Tata Tshiamala na Tata Bilali, kama ilivyo desturi tangu lori la Tata Bilali lilipobomoa ukuta wa Tata Tshiamala mwaka jana. Majirani hao hawasalimiani.

KUMB. NA. 2/11/2025: TOVUTI ZA KUBAKI
Mwenyekiti alieleza kwamba mega za umoja, yaani kifurushi cha mtandao, zinaisha kabla mwezi haujafika nusu. Hivyo ni tovuti chache tu zitakazofunguliwa kila siku. Nyingine zitangoja Jumamosi. Kila mjumbe aliombwa kutetea anayoipenda.

Mama Leila, mshonaji, alitetea tovuti ya mitindo ya nguo. Alisema wateja wake sasa wanakuja na picha kwenye simu, na asiyeijua mitindo hiyo anabaki kushona sare za shule. Ilikubaliwa.

Samy, mnunuzi wa madini, alitetea tovuti ya bei ya shaba na kobalti. Ilikubaliwa bila mjadala, ingawa yeye alijadili.

Guelord aliomba kwa ujumbe tovuti ya matokeo ya mpira. Ilikubaliwa.

Mwenyekiti alitetea tovuti ya sauti za ndege, ambayo huisikiliza tangu astaafu ualimu, nayo ikakubaliwa. Samy alisema: "Tata, ndege biko ku muti, bila mega." Mwenyekiti aliomba hilo lisiandikwe. Katibu alikuwa ameshaandika.

KUMB. NA. 3/11/2025: MCHEZO WA DAMA
Tata Tshiamala, fundi umeme mstaafu, alitetea tovuti ambayo watu hucheza dama na wenzao walio mbali. Alieleza kwamba kila mchana hucheza na mtu mmoja tu, anayejiita Polepole. Hajawahi kumwona, wala kusikia sauti yake. Anadhani anaishi Kalemie.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini mchezo wa mtu mmoja upewe mega za wote. Tata Tshiamala alijibu kwamba mwezi wa Juni alifiwa na mdogo wake. Aliandika neno moja tu kwenye tovuti, "nimefiwa", akaacha mchezo katikati. Polepole angeweza kudai ushindi. Hakudai. Alimwandikia: "Lia kwanza, ndugu yangu. Dama haikimbii." Akamngoja mpaka aliporudi.

Akaongeza, akimtazama mwenyekiti: "Ule mutu hanijui, lakini alinipa pole. Kuko bengine tunakaa nabo ukuta kwa ukuta, na ku kilio hawakukanyaga."

Tata Bilali aliuliza: "Na weye, kule unajiita nani?"

Mwenyekiti alikumbusha kwamba maswali hupitia kwake. Tata Bilali aliuliza tena, kupitia kwake. Tata Tshiamala alijibu, kupitia kwake, kwamba anajiita Kamba ya Moto.

Tata Bilali alivua kofia. Mama Leila alimwuliza kama anaumwa. Ndipo aliposema: "Njo mi. Polepole njo mi."

Tata Tshiamala alisema ni uongo kwamba Tata Bilali ndiye Polepole. Tata Bilali aliweka simu yake mezani. Mchezo ulikuwa wazi, na zamu ilikuwa ya Kamba ya Moto. Hakuna aliyeigusa simu. Mwenyekiti alipendekeza mapumziko; wote wawili walikataa.

Tata Bilali alieleza kwamba huwa anacheza akiwa njiani na lori, anapopumzika. Siku ya msiba wa jirani yake alikuwa safarini Mutshatsha. Alipopata habari aligeuza gari. "Nilifika mpaka ku kona. Niliona batu benye kuketi inje, nikasema, nikiingia atanifukuza mbele ya maiti. Nikarudia nyumbani. Mangaribi njo nilimwandikia ule wa dama, juu na yeye alikuwa amefiwa. Sikujua kilio ni kimoja."

Tata Tshiamala alisema: "Singekufukuza."

Kisha alisema tena: "Labda ningekufukuza. Sijui."

KUMB. NA. 4/11/2025: ANTENA
Pendekezo la Tata Tshiamala, lililopokelewa wiki iliyopita, lilikuwa kuhamisha antena ya mtandao wa umoja kutoka paa la Tata Bilali, kwa kuwa hapendi kupokea kitu kupitia nyumba isiyomsalimia. Kwa uhamisho huo umoja ungekosa mtandao mpaka mvua ziishe. Mwenyekiti aliuliza kama pendekezo bado lipo.

Tata Tshiamala alisema: "Mulifute."

Samy aliuliza kama linafutwa au linaahirishwa, maana alikwisha kuongea na mchomeleaji wa nguzo mpya ya antena. Alijibiwa kwamba linafutwa.

Mwenyekiti alitoa tovuti ya ndege kwenye orodha, nafasi yake ikapewa dama. Samy alipinga, akisema wachezaji ni wawili tu na wanakaa ukuta kwa ukuta. Kura zilipigwa, Samy alibaki peke yake.

KUMB. NA. 5/11/2025: MENGINEYO
Mwenyekiti aliwaomba wajumbe wawili wapeane mikono. Tata Tshiamala alisema asiharakishwe. Alisema mtu aliyemzoea kwenye dama na jirani aliyemkasirikia bado hawajakaa pamoja kichwani mwake.

Tata Bilali aliomba neno. Aliuliza, safari hii bila kupitia kwa mwenyekiti, kama anaweza kwenda kumpa pole mama wa nyumba, mke wa Tata Tshiamala, ingawa miezi imepita na matanga yameshaondolewa.

Tata Tshiamala alisimama, akachukua fimbo yake. "Kilio haina saa ya kufunga," alisema. "Twende."

Walitoka. Simu ya Tata Bilali ilibaki mezani, na Mama Leila alitumwa kuwafikishia.

Mwenyekiti alitamka kwamba waliobaki hawatoshi kuendelea na kikao, na kwamba hana malalamiko juu ya hilo. Wajumbe walitawanyika saa kumi na nusu alasiri.

Sahihi: René Kalumba, Mwenyekiti
Sahihi: Falonne, Katibu