Kumwona Uso

3 Februari

Mjukuu wangu Pweza,

Salamu. Natumaini boti halijakutupa majini, na kama umekonda usiniambie. Mimi mzima. Magoti yanalalamika, lakini hayo yalizaliwa yakilalamika. Mjomba wako hajambo, anazidi kunenepa na kunichunga.

Nakuandikia kwa sababu nikiongea kwa simu nyumba nzima inasikia. Barua anaipeleka fundi viatu wa hapa chini, na jibu lako lipitie kwake. Ukinipigia kuniuliza habari hii, nakata.

Mwezi wa saba nakuja huko. Mjomba wako anajua nakuja kumwona mtoto wako. Ni kweli, nitamwona. Kisha utanipakia kwenye hilo boti lenu la wageni wavuvi unipeleke pale mwambani. Unapajua. Ndipo yule kiumbe alipokuwa akinikatia mshipi mwaka baada ya mwaka, na sikupata kumwona hata pezi. Mara ya mwisho mjomba wako alikuwa nami, bado mdogo. Mshipi ulipokatika alilia mpaka tukafika ufukweni. Wengine walisema kolekole, wengine papa. Jirani mmoja alisema shetani, lakini huyo hata akijikwaa husema shetani. Mimi nataka kumwona uso. Basi. Nikishamwona arudi kwao.

Tangu nilipoanguka bafuni, mjomba wako ameapa sitakanyaga chombo cha majini tena. Kwa hiyo nitafutie fimbo ya kuvulia yenye mashine, kama za hao wageni wako, lakini iingie ndani ya sanduku langu la nguo. Akiiona tu, safari imekufa.

Bibi yako

19 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Huku wazima. Mtoto ameota jino na amelijaribia kwenye kidole changu. Sijakonda.

Nilicheka peke yangu kazini mpaka nahodha akaniuliza nimekula nini. Nitakupeleka, Bibi. Lakini fimbo ya baharini hainunuliwi kama ufagio, kwa hiyo nijibu kwanza. Utavua umesimama au umekaa? Fimbo utaishika kwa mkono upi, na mashine utaizungusha kwa upi? Na yule wa mwambani, akishanasa, alikuwa anakimbia mbali au anazama kwenye mawe?

Za kuingia sandukuni ziko za namna nyingi. Kuna zinazochomoka kama antena ya redio. Kuna nyepesi za samaki wadogo, kuna nzito za wanaojua kugomba. Na kila mashine ina breki: samaki akivuta kupita kiasi, inamwachia mshipi kidogo kidogo usikatike.

Mjukuu wako,
Pweza

6 Machi

Pweza,

Salamu kwako na kwa mwenye jino. Mwambie vidole si chakula.

Maswali yako kama ya polisi. Nitavua nimekaa. Nimesimama vya kutosha maishani. Antena sitaki. Antena ya redio yetu ilivunjika kwa kufutwa vumbi, sembuse kuvutwa na kolekole. Na yule wangu hakuwa wa kukimbia mbali. Alikuwa anainamia mawe kama mtu aliyesahau ufunguo ndani, na ukimpa pumzi moja tu, mshipi umeshasagwa.

Sasa nieleze hiyo breki, maana imenitoa usingizi wa mchana. Ikimwachia mshipi, si ndiyo anayapata mawe? Nani anaamua aachiwe kiasi gani, mashine au mimi? Na chumvi je? Chumvi ilitafuna misumari ya ngalawa yetu mpaka ikawa kama sindano. Hivyo vigurudumu vya ndani vitapona? Nilimuuliza fundi viatu, akasema breki anayoijua yeye ni ya baiskeli, na yenyewe haishiki. Huyo ndiye mshauri wangu. Jibu upesi.

Bibi yako

24 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole na usingizi wako wa mchana.

Anayeamua ni wewe. Kuna kifuniko cha kuzungusha kwenye mashine: ukikaza, samaki hapati mshipi, ukilegeza, anaondoka nao. Kwa samaki wa mawe tunaikaza mapema, kabla hajagusa chambo. Mashine niliyokuchagulia imezibwa chumvi isipenye, na ukitoka baharini unaisuuza kwa maji yasiyo na chumvi. Fimbo ni ngumu kiunoni, laini nchani, ndefu kukupita wewe, na bado itaingia sandukuni. Itaingiaje? Sikuambii. Fungua mwenyewe ushangae.

Kuhusu mkono hukunijibu. Mtu anayejibu mpaka ambayo hakuulizwa, akiruka swali moja, lina jambo. Sitauliza tena. Mpini wa mashine hii unahamishika upande wowote, kulia au kushoto. Na kishikio chake ni mviringo, kikubwa kama chungwa. Mtu anaweza kukizungusha kwa kiganja bila kukunja vidole. Nimesema tu.

Kifurushi kinakuja kwa fundi viatu.

Mjukuu wako,
Pweza

2 Mei

Bibi,

Shikamoo. Mbona kimya? Waliobeba mzigo wanasema umefika zamani. Umeipenda? Umeichukia? Mjomba ameiona? Tukana basi, nijue uko hai.

Pweza

9 Mei

Pweza,

Salamu, na ni fupi maana nimekasirika.

Fimbo ilifika imevunjika. Wala si mara moja: vipande vinne! Yule mleta mzigo nilimshukia pale pale barabarani. Akaapa hajaikalia. Nikamwambia, "Basi uliilalia." Akaondoka bila hata kunywa maji niliyomletea. Sikukuandikia kwa sababu najua umejinyima, nikasema yaishe huku huku. Nikampa fundi viatu. Akapaka gundi ya soli kwenye kila kiungo, akabana, akaniambia nisiiguse. Sasa ni moja, imenyooka, inapendeza, na kweli imenipita urefu. Ila haiingii sandukuni! Sijui ulipima kwa jicho la nani. Imesimama nyuma ya pazia, na mjomba wako ameshaniuliza kwa nini pazia langu lina mgongo. Nimemwambia ni mti wa kuondolea utando wa buibui. Sasa ananingoja niuondoe.

Na mashine tumeelewana. Mjomba wako akienda kazini naitoa. Nilifunga mshipi kwenye ndoo ya maji, nikakaa kitandani, nikaivuta kutoka mlangoni. Nakaza breki, ndoo inakuja. Nalegeza, namwambia fundi viatu aikimbize, mashine inalia kama mbu. Fundi alikimbiza ndoo mpaka akalowa viatu, tena vya mteja.

Mkono ni wa kulia. Vidole havifungi tangu siku ya bafuni. Hata kijiko kinanidondoka. Umefurahi? Chungwa lako linazunguka.

Bibi yako

21 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimesoma nikakaa chini.

Fimbo haikuvunjika. Ndivyo ilivyotengenezwa. Vipande vinne, kila kimoja kinachomekwa ndani ya mwenzake, ukimaliza unachomoa unalaza sandukuni. Hiyo ndiyo "sikuambii" yangu. Kosa ni langu, nilitaka ushangae. Umeshangaa.

Chemsha maji. Mimina polepole kwenye kiungo, gundi ilainike, kisha zungusha huku unavuta. Ikikataa, iache. Usimpe fundi aivute kwa koleo. Na yule mleta mzigo umtafute, Bibi.

Habari ya vijiko tutazungumza ukifika. Kwenye boti nitakuwa nyuma yako, lakini sitagusa fimbo mpaka uniite.

Pweza

15 Juni

Mjukuu wangu Pweza,

Salamu nyingi. Mimi mzima kuliko mwezi uliopita. Mleta mzigo nimemwomba radhi. Safari hii maji alikunywa, akaficha tabasamu kama mwizi.

Nilichemsha maji kama ulivyosema. Kiungo cha kwanza kilitoka, cha pili kikatoka. Cha tatu nilikuwa nimekibana kwa magoti, birika kwenye mkono wa kushoto, na mjomba wako amesimama mlangoni. Sijui alirudi saa ngapi.

"Mama, unachemsha fimbo?"

Nikamwambia, "Naipika. Onja kama chumvi imekolea."

Hakucheka. Akaninyang'anya birika, akakaa kitandani, akaiona mashine. Nikaona yamekwisha, heri niseme. Nikamwambia yote: mwamba, boti, wewe, ndoo. Akaushika mkono wangu wa kulia, akajaribu kuvikunja vidole kimoja kimoja.

"Kwa mkono huu, Mama?"

"Kwa huo. Na huu mwingine. Na mashine."

Akauachia. Mimi nikangoja kufokewa, tena nilishaandaa majibu. Yeye akaichukua mashine, akazungusha mpini. Akavuta mshipi kidogo, ikalia. Akavuta tena.

"Breki yake iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akakaza, akalegeza. Akauliza samaki wa uzito gani inamzuia, na kama nilishawahi kumsikia yule wa mwambani akigonga chini ya ngalawa, maana yeye alimsikia siku ile, akajua bado yuko pale, ndiyo sababu alilia. Miaka yote hakuniambia! Nilidhani alilia kwa hofu. Kumbe alitaka nitupe mshipi tena, na mimi nikageuza chombo kumrudisha nyumbani kwa sababu analia.

Kiungo cha tatu kimekataa kabisa. Fundi viatu anajisifu. Kwa hiyo fimbo ni vipande vitatu, kimoja kirefu, na sanduku halifungi. Nikamwuliza mjomba wako, sasa tutafanyaje? Akasema ataibeba mkononi, kwenye basi, watu waione. Ameomba likizo. Anasema anakuja kunichunga nisianguke majini.

Basi nenda dukani tena. Huyu ni wa mkono wa kulia, atavua amesimama, na breki umwekee ngumu. Usimwulize maswali mengi, hatakujibu. Nimemzaa mimi.

Ila mtakaa nyuma yangu, nyote wawili. Uso huo nauona mimi kwanza.

Bibi yako