Mwarobaini wa Nyuma ya Choo

Jumapili

Na bado akauliza! Mgeni rasmi, udongo ungali mikononi, akanigeukia mimi katibu wa tawi: "Ndugu Katibu, na mti wa mwaka jana uko wapi?"

Uko wapi! Ulikufa, na huu mpya kaupanda kwenye shimo lile lile.

Mzee Shomari, balozi wetu wa nyumba kumi, akamwonyesha mwarobaini ulioota wenyewe nyuma ya choo cha ofisi. "Ule pale, Ndugu." Wanachama wakapiga makofi, waongo wakubwa. Na mimi nikapiga.

Sasa nimeagizwa nikawaeleze makatibu wa Kariakoo nzima jinsi tulivyoutunza. Naogopa.

Niseme nini? Miti tuliyoipanda kwa nyimbo na hotuba imekufa yote. Huu umestawi kwa sababu kamati haikujua kuwa upo.