Pikipiki ya Baba Imewaka

Kaka,

Huku tupo, na paka amezaa tena ndani ya begi lako.

Ile pikipiki ya marehemu baba imewaka. Nilisafisha kabureta, nikabadilisha plagi na ringi za pistoni, nikapiga kiki huko nyuma ya nyumba mpaka ikanguruma kwa sauti yake ileile. Nikacheka peke yangu.

Mama akatoka jikoni mbio, akafungua geti lote, akasimama pembeni, kama alivyokuwa akifanya kila mara baba akirudi kutoka kazini. Nikazima injini.

Akaniita. "Imemzimikia hapo kwenye kona. Nenda ukamsaidie kusukuma."

Nikaenda, kaka. Nilisimama kwenye ile kona, sijui nirudi na nini.

Usikawie kuja.

Mdogo wako