Mahudhurio ya Saturnini

Nkowe, Ruangwa
22 Juni 2025

Kwako dada yangu Kornelia,

Shikamoo dada, na tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wanao hapo Nachingwea, na ule mguu uliokuvimba wakati wa Pasaka uwe umekuacha. Sisi huku tupo. Ufuta tumeshakata na kupiga, mbaazi zinakauka, na Eusebio ni mzima. Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Hiyo simu nimeishika mara nyingi, dada, na kila ulipopokea nilikuuliza habari za mguu kisha nikaaga. Kuna maneno ambayo mdomo wangu umeyakataa. Nimeona niyaandike.

Mara ya mwisho ulipokuja uliniuliza kwa nini watoto bado wanasomea nyumbani, nami nikajifanya nachungulia chungu jikoni. Leo nakujibu.

Unaikumbuka Februari ya mwaka juzi, Saturnini wetu alipochukuliwa na maji kwenye lile korongo la njia ya shule. Alikuwa na miaka tisa. Teodosia alikuwa na saba, amelala ndani na malaria. Goreti alikuwa kichanga cha majuma sita. Ivan, mkubwa wao, alikuwa ameshavuka na wenzake. Matanga yalipoisha nilimwambia Eusebio kwamba hakuna mtoto wangu atakayevuka korongo lile tena. Nilifundisha chekechea ya parokia miaka minne, nikasema, basi hawa nitawafundisha mwenyewe. Eusebio hakuwa na nguvu ya kubishana. Alinipa mlango wa kabati bovu, nikaupaka unga mweusi wa betri zilizokufa, ukawa ubao wetu pale sebuleni.

Kufundisha wakubwa huku una mtoto anayetambaa ni kazi nyingine kabisa. Goreti alikula chaki. Alipoanza kutembea alichana vitabu tulivyoazimwa na mwalimu mkuu, akakojolea daftari la hesabu la Ivan, akapanda juu ya meza katikati ya imla. Nilijifunza kuandika ubaoni nikiwa nimembeba mgongoni kwa kanga, na kuwasomesha jedwali la saba huku nikimnyonyesha. Baadaye nilimpa sinia la mbaazi achambue, akawa anatulia chini karibu na miguu yangu hadi saa nne. Mtu angepita dirishani angeona nyumba ya mama mwenye bidii.

Sasa, dada, usiniogope. Siku ya kwanza nilifungua daftari la mahudhurio kama nilivyozoea parokiani. Nikaandika Ivan. Nikaandika Saturnini. Nikaandika Teodosia. Sikukusudia, lakini nilipoliona lile jina sikuweza kulifuta. Kila asubuhi nikawa nayaita majina yote matatu. Ivan alijibu yupo, Teodosia akajibu yupo, na lile la katikati likapita kimya, watoto wakitazama meza. Nilijua nawaumiza. Sikuacha.

Mwaka huu, mwezi wa nne, niliita Saturnini kama kawaida. Goreti, pale chini na sinia lake, akasema, "Yupo."

Alisema wazi, bila hata kuinua kichwa. Ivan alisimama akatoka nje. Nilijiambia kwamba mtoto anaiga, na ni kweli watoto huiga, lakini kesho yake alijibu tena, na keshokutwa. Kisha ukaja mlango. Tukiwa katikati ya somo, mtoto anaacha mbaazi zake, anakwenda hadi mlango wa uani, anasimama, anasema, "Kaibu," kwa ule ulimi wake usio na r. Nilichungulia nje mara ya kwanza, nikachungulia mara ya kumi. Hapakuwa na mtu, hata kuku. Jirani yangu Mama Zulfa alinicheka, akasema mtoto anasikia ninavyokaribisha wageni. Nilimkubalia. Lakini wageni wangu wote hupita mlango wa mbele, dada. Mlango wa uani hakuna mgeni anayebisha hodi.

Mwezi wa tano alikuja Bwana Imrani, mtendaji wetu wa kijiji, pamoja na mwalimu mkuu. Walizungumza nami kwa upole. Walisema wamenivumilia kwa sababu ya msiba, ila watoto wa umri huo mahali pao ni shuleni, na shule zikifunguliwa Julai wawaone darasani. Nikataja korongo. Bwana Imrani akanikumbusha kwamba kivuko cha zege kimejengwa tangu mwaka jana, na hata mimi nakipita nikienda kusaga. Mwalimu mkuu akampa Ivan kitabu asome, akamsifu, kisha akamuuliza kama anataka kurudi. Ivan akajibu akitazama sakafu kwamba hataki, kwa sababu kule anajulikana kama mtu aliyemwacha mdogo wake afe.

Nililisikia hilo nikiwa nimesimama na birika mkononi. Nikawamiminia chai.

Juma lililofuata niliwapa insha waandike, "Siku Nisiyoisahau". Ivan aliandika habari za sherehe ya kipaimara. Teodosia aliandika mistari michache tu. Karatasi ninayo hapa, nakunakilia kama ilivyo:

"Siku nisiyoisahau nilikuwa naumwa malaria. Kaka Satu alirudi. Alibisha hodi mlango wa uani. Alisema mama maji yamejaa. Mama alisema rudi shule usiniamshie mtoto. Kaka Satu akabisha tena. Halafu hakubisha."

Dada, ni kweli tupu.

Goreti alikuwa amelia tangu alfajiri, na ndiyo kwanza alikuwa amefumba macho kifuani kwangu. Mlango nilikuwa nimeupiga komeo ili kuku wasiingie. Saturnini alikuwa na desturi ya kurudi njiani, leo kasahau penseli, kesho tumbo linamkata, nami nikadhani ni yale yale. Nilimjibu nikiwa kitandani. Sikuinuka. Alipobisha mara ya pili sikumjibu kabisa, nilinyamaza ili achoke aende. Akaenda. Saa sita walimwona chini kabisa, palipo na mianzi.

Na hilo siyo baya kuliko yote. Unakumbuka siku ya msiba, Ivan alisema mbele ya watu kwamba alipofika korongoni aliona maji mengi, akamwambia mdogo wake arudi nyumbani kwa mama, ndipo yeye akapandisha juu na wakubwa wakavukia kwenye gogo. Mtoto alifanya sawa. Alimtuma kwangu. Watu wakanigeukia, shemeji akaniuliza kama Saturnini alirudi. Nikasema, "Hakurudi."

Ni neno moja tu nililosema. Eusebio akamchapa Ivan kofi mbele ya waombolezaji. Na wewe dada, kwa uchungu wako, ukamwambia, "Mkubwa gani anamwacha mdogo wake kwenye maji?" Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka hatua mbili kutoka kwenu, Goreti yuko mapajani, nikayasikia yote nikanyamaza. Nikaendelea kunyamaza miaka miwili na miezi minne. Kusema naogopa korongo kulikuwa uongo. Nilimfungia Ivan ndani ili asikutane na mtu wa kumuuliza tena. Na kumbe wakati wote ule nilikuwa nakaa meza moja na Teodosia, namfundisha kuandika, naye amebeba moyoni neno ambalo mtoto wa miaka saba hawezi kulibeba.

Asubuhi ile ile nilimwita Ivan nikampa karatasi ya dada yake asome. Kisha nikamwambia kwa mdomo wangu, nisije nikajificha nyuma ya mwandiko wa mtoto. Nilitegemea alie au anitukane. Aliniuliza, "Kwa hiyo alirudi?"

Nikamwambia alirudi.

"Alinisikiliza?"

Nikamwambia alikusikiliza, baba, alifika hadi mlangoni.

Miaka yote hii, dada, mtoto aliamini kwamba Saturnini alikataa kurudi, akamfuata yeye kwenye maji akimwita, naye hakugeuka. Aliniambia alikuwa akisikia anaitwa. Hata darasani kwangu, ninapoandika ubaoni, alikuwa akisikia anaitwa. Alitoka akaenda kukaa kwenye mikorosho mpaka ugali ukapoa.

Jioni nilimwambia Eusebio. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alivua kofia, akaenda alipo Ivan, akapiga magoti kwenye vumbi akamwomba mwanawe radhi. Mimi hajanisemesha tangu siku hiyo, anakula tu ninachompikia. Nimeungama kwa padri, na padri ameniambia niungame pia kwa wale walionisikia nikisema hakurudi. Nimeshapita nyumba sita. Mama Zulfa alinisikiliza hadi mwisho, akanishika mkono. Nyumba moja walinifungia mlango, na sikuwalaumu.

Daftari la mahudhurio silifungui tena. Goreti bado anakwenda mlango wa uani, anasimama, anakaribisha. Padri anasema nimwachie Mungu, na mimi nasema ndiyo, lakini sijui anamkaribisha nani.

Teodosia atarudi shule Julai, atafuatana na wanawe Mama Zulfa. Ivan ameomba kusomea Nachingwea, akae kwako. Amechagua mwenyewe, sikumshawishi, na mwalimu mkuu ameshaanza kumwandalia uhamisho. Nilimuuliza kwa nini kwako, wakati ni wewe uliyemwambia lile neno. Akasema anataka kukaa na mtu aliyelisema, baada ya mtu huyo kujua kuwa siyo kweli.

Kwa hiyo aliyekukabidhi barua hii ndiye mwenyewe. Amesimama mbele yako na begi lake. Nilimsomea barua yote kabla sijaifunga, anajua kila kilichomo. Usimpe maji kwanza, wala usimuulize habari za safari. Mwangalie, dada, umwambie.

Mimi nitakuja Jumapili baada ya misa kuleta godoro lake. Usipotaka kuniona, nitalishusha barazani nigeuze na bodaboda ile ile.

Wasalimie shemeji na watoto. Mwambie mama mkwe wako namwombea. Goreti na Teodosia wanakuamkia, na Eusebio amemwagiza Ivan akufikishie shikamoo yake.

Ni mimi mdogo wako,
Gaudensia