Namwagia Maji Ukuta Uliokwisha Kukauka

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana mwenyewe nimeshindwa. Mimi ni fundi wa chokaa, shule niliishia darasa la tano. Kwetu ni mbali, safari ya kulala njiani, na huku niko tangu mwaka juzi katika nyumba ya kale tunayoikarabati, kuta nene za mawe na boriti za miti, ambayo mwenyewe anataka ipigwe chokaa kama zamani lakini ndani iwe ya kisasa, ngazi ya chuma na paa la kioo juu ya ua ili mwanga ufike mpaka jikoni. Wenzangu jioni wanakwenda kwa wake zao, mimi nalala humohumo chumba cha nyuma, na mpaka warudi sijafungua kinywa ila kupiga mwayo.

Kazi yangu imekwisha, mshauri. Ukuta wa ukumbini umekauka vizuri, ukiupapasa utadhani ganda la yai. Lakini kila asubuhi watu hawajafika naumwagia maji, na hata nikikutwa na ndoo hakuna anayeshangaa, maana chokaa mbichi lazima iloweshwe isije ikapasuka. Mke wangu akipiga simu kuuliza, "Baba watoto, unarudi lini?" namjibu chokaa haijakauka. Juzi akasema, "Hiyo ni chokaa au mto?" Tukacheka, halafu akaniaga.

Sababu ni hii. Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani, mtoto wetu wa mwisho, niliyemwacha anatambaa, alimgeukia mama yake tukiwa tunakula, akauliza, "Mama, huyu mgeni anaondoka lini?" Hakuwa na ubaya, alitaka kurudi kulala na mama yake, maana alihamishwa kunipisha. Wote walicheka na mimi nikacheka, lakini tangu siku hiyo nikiufikiria mlango wangu miguu inakuwa mizito.

Sasa msanifu wa nyumba, dada mmoja mpole, kaja na kidude chake cha kupimia unyevu, kukigusisha ukutani kikalia. Kasema chokaa ni mbovu, Jumatatu vibarua waibandue yote wapige saruji, na mzee anayetuchomea chokaa asipewe kazi tena. Mzee huyo ndiye mtu pekee huku anayeniuliza nimekula nini. Jana alikuja, akaushika ukuta, akasema, "Fundi, chokaa yangu haijawahi kunifanyia hivi." Nikamwambia labda ni mvua. Nifanye nini?

Fundi wa ukumbini

Ndugu yangu fundi,

Pole. Kukaa bila mtu wa kusema naye kunamchosha mtu kuliko kubeba mawe. Nimeshakuhurumia, sasa nisikilize.

Mzee wa watu amekukosea nini? Hofu ni yako, lakini atakayekosa kazi ni yeye, na mvua umeisingizia bure. Usingoje Jumatatu. Kesho msanifu akiingia tu, mwambie, "Dada, chokaa ni nzima, mimi ndiye ninayeilowesha." Usianze na habari za mtoto, hapo hutafuti huruma. Mwombe ukuta uachwe ukauke, kisha apime tena. Atakasirika, ana haki. Unaogopa kufukuzwa kazi ambayo umekwisha kuimaliza? Ukitoka hapo nenda kwa mzee, kwa miguu yako, usimtume mtu.

Mkeo mwambie ukweli leo. Habari ya chokaa aliacha kuiamini zamani, na sasa huenda anadhani una mwanamke huko. Mwambie unaogopa. Ni afadhali akucheke.

Na mtoto? Aliuliza swali zuri, nanyi watu wazima mkacheka, hakuna aliyemjibu. Alimwona mtu asiyemjua anakula, anachukua nafasi yake kitandani, kisha anaondoka. Wewe ungemwitaje? Rudi nyumbani, wala usitegemee kupokewa kwa shangwe. Atakununia. Atakuwa na kiu, nawe umekaa hapo karibu na mtungi, lakini atamwita mama yake aliye nje. Inuka umpe maji. Akikataa, yaache karibu naye, na kesho yake umpe tena. Ikitokea kazi nyingine ya mbali kabla hajaanza kukuomba mwenyewe, ikatae.