Kumi ya Huruma

Lubumbashi, Kamalondo, tarehe 9 mwezi wa nane

Kwa yaya yangu Idriss, kaka yangu mukubwa, ku Sakania,

Salaam aleikum, Yaya. Natumaini barua hii itakukuta muzima, wewe na shemeji Adija na batoto bote, na ule mugongo uliokusumbua tangu Ramadhani umetulia. Sisi huku tuko bazima, tunamushukuru Mungu. Mama anakohoa kidogo asubuhi juu ya vumbi, lakini anamaliza sahani yake ya bukari na anagombeza kila muntu mu parcelle yetu, toka nyumba mpaka mulango wa njia, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Barua hii nimeiandika mimi mwenyewe ku kompyuta. Nasema mapema, juu najua utamuuliza Mama ni nani aliniandikia. Hakuna. Kompyuta inanisomea kwa sauti kila herufi ninayobonyeza, na nikikosea inaniambia bila kunihurumia. Njo maana naipenda.

Ulipokuja mwezi wa sita ulinikuta nimenuna, ukamuambia Mama kama Mounira amekuwa kichwa nguvu. Ni kweli. Leo nitakueleza ile kichwa nguvu ilitoka wapi, na univumilie, sababu ni mambo ya hesabu.

Ku institut yetu syllabus, vile vitabu vya masomo, hazichapwi tena. Kila prof anaweka masomo yake ku site, na banafunzi banasoma ku telefone. Mimi nilifurahi kuliko bote. Nilisema sasa sitangojea tena muntu apate nafasi ya kunisomea. Nikafungua somo la hesabu za analyse la Prof Alphonse, na sauti ikaanza vizuri kabisa: tuchukue fonction hii, ikasema, halafu ikasema “image”. Tunaona kama image iko sawa na image. Kurasa makumi ine, na formule hata moja sikuisikia. Prof anaandika formule zake ku karatasi, anazipiga picha, anazipandisha ku site. Bale banaoona, haibasumbui. Kwangu ilikuwa sawa muntu anayekuletea habari ya kilio, na kila akifika ku jina la marehemu anafunga kinywa.

Kijana anayechunga ile site anaitwa Chadrack, muntu wa Butembo, Mukristo, baba yake anauzisha bintu bya gros, kwa jumla. Nilienda kumulalamikia. Akaniambia nimupe siku mbili. Nyuma ya siku mbili, kila fasi palipokuwa “image” sauti ilisema “formule”. Nikamushukuru, nikamuambia zamani nilikuwa sijui kitu, sasa najua jina la kitu nisichokijua. Alicheka, lakini alisikia haya. Akaanza kuandika kila formule kwa maneno nyuma ya picha yake: a plus b, kugawanya na c. Nikamuuliza kinachogawanywa ni b peke yake ao ni bote wawili. Akaangalia tena, akaenda zake.

Alirudi juma lililofuata na habari. Alisema kuko lugha ya kuandika hesabu ku mtandao, inaitwa MathML. Hauweki picha ya formule, unaandika formule yenyewe, na ukurasa unajua hiki kiko juu, hiki kiko chini, hiki kiko ndani ya racine, ile alama ya kipeuo. Bantu benye macho banaiona imechorwa vizuri, na kompyuta yangu inaisema: fraction imeanza, juu kuko a plus b, chini kuko c, fraction imeisha. Tena naweza kuingia ndani na vidole, nipande juu, nishuke chini, nisimame ku kipande kimoja hata nikielewe. Yaya, siku ile niliingia ndani ya fraction kwa mara ya kwanza tangu nipoteze macho. Nililia. Maskini Chadrack alifikiri ameharibu kompyuta.

Toka mwezi wa tatu mpaka wa sita tulifanya kazi ile. Yeye anaandika, mimi napita ndani ya kila formule na kumuonyesha fasi ambapo parenthèse, yale mabano, haikufungwa. Tulikuta makosa kumi na moja ya Prof mwenyewe. Benye macho balikuwa bamepita juu yake mwaka muzima bila kujikwaa.

Tukamupelekea Prof somo lake lote, tukifikiri atatushukuru. Aliuliza nani alitutuma. Halafu akapunguza sauti, akaniambia mbele ya Chadrack kama najichosha bure. Mambo yangu yalishamalizika: sitafanya examen, nitapewa kumi ku makumi mbili, nitapita. Akasema familia yangu ilishafika kwake, bameelewana.

Njo vile nilijua, na Mama akanimalizia yote. Ulishaenda kwake, ku mtaa wa Golf, na kanzu yako ya Idi na majogoo mawili, ukamuomba asinitese. Najua ni desturi yetu: mutoto akiwa na examen nguvu, mukubwa wa familia anaenda kumuona prof. Baba angekuwa muzima pengine angefanya vile vile. Lakini nilikukasirikia sana, Yaya, na nakuandikia sasa juu hasira imepungua, haijaisha. Nimezoea upofu, haunipatishi haya. Yale majogoo njo yalinipatisha haya.

Nilienda kwa sekretere wa jury, bale banaoamua pointi, nikasema ile kumi siitaki, nataka examen. Maswali ya bote, siku ya bote, saa za bote, ila yaandikwe ku kompyuta namna ile ya Chadrack. Akasema hakuna sheria ya kintu kama kile. Nikamuuliza kama kuko sheria ya kumupa muntu kumi bila kuandika hata mustari moja. Akaniomba nitoke. Nilitoka, nikakaa ku kibaraza mbele ya mulango wake siku tatu, na kila aliyepita akiuliza nafanya nini namueleza yote, tangu “image” ya kwanza. Siku ya tatu Prof mwenyewe akasema baniache nijaribu, nitarudi kuomba ile kumi mimi mwenyewe.

Nikaandika examen. Saa ine nzima, Yaya. Hakuna aliyenisomea, hakuna aliyenishika mukono. Swali la tano lilinishinda, juu sikulijua, hapana juu sikulisikia. Haujui vile muntu anaweza kufurahia kutojua kwake mwenyewe.

Jumamosi iliyopita balitangaza matokeo. Nimepata tisa.

Nimeanguka, niseme wazi. Prof aliniita pembeni, hakucheka, alisema kwa upole kama ile kumi iko pale pale, niweke tu signature. Mama alinisihi. Hata Chadrack alisema pointi moja ni pointi moja, nisiwe mujinga. Nilikataa. Nitarudia examen mwezi wa kenda, session ya pili.

Sasa nifike ku lile lililofanya niandike badala ya kupiga telefone, juu ku telefone ungenikatiza na mimi ningepata sababu ya kunyamaza.

Mwaka jana nilipata kumi na mbili ya algèbre. Unakumbuka. Ulichinja mbuzi, ukaita bantu ku Sakania, dua ikasomwa, ukasimama mbele yao na kusema mudogo wako haoni lakini amebapita benye macho. Yaya, ile kumi na mbili haikuwa yangu. Somo lile lilikuwa bado ku karatasi ya kuchapwa, hakuna aliyepata nafasi ya kunisomea, sikulijua hata kidogo. Ku maswali sita nilijibu mawili, na moja nililibahatisha. Mwalimu mwingine alinipa tu, sikumuomba. Siku balisoma majina nilijua palepale. Nilinyamaza. Nikapanda gari kuja kwako, nikakula nyama ile, nikasema alhamdulillahi pamoja na bote.

Kwa hiyo sikutupii lawama peke yako. Huruma ile, mimi njo niliipokea wa kwanza, na bakaona ninaipokea. Mwaka muzima nimeishi na ile kumi na mbili mu roho sawa kintu cha kuiba.

Juzi nimemuandikia sekretere aifute. Nitarudi kukaa na batoto ba mwaka wa kwanza, niisome algèbre tangu ukurasa wa kwanza. Chadrack ameshaanza kuiandika. Banafunzi banasema nimerukwa akili, baseme.

Nakuomba kitu kimoja, na ni kizito. Usije kumuona prof yeyote tena. Siku ya Ijumaa, bantu bakitoka ku muskiti, uite bote baliokula mbuzi ile, ubaambie kama kumi na mbili ilikuwa ya huruma. Halafu ubaambie kama mwaka huu Mounira amepata tisa, na hakuna aliyemupa.

Unisalimie shemeji Adija, ubusu batoto kwa ajili yangu. Mama anakuombea. Mungu akulinde ku njia zako zote za mupakani.

Ni mimi mudogo wako anayekupenda na ambaye hajatulia,

Mounira binti Zakari