Kitenge cha Mama

Kindu, Mikelenge

Yaya Kasanda, mukubwa wangu,

Sikuulizi habari za Kamina. Huku mvua haikatiki, muhogo wa Mama unaoza shambani, na treni bado haijafika. Hizo njo habari unazozipenda kwenye phonie, redio yetu ya kupeana habari, basi zipokee.

Ndugu zetu wa Kananga hawatusikii sisi wa Kindu. Kila neno letu linapita kinywani mwako huko Kamina, wewe unawarudilia. Tulikuchagua wenyewe uilinde phonie, matusi na siasa visipite. Sawa. Jumapili ile nililia mbele ya mashine: Mama amefariki, dawa za zahanati watu wa chama wamejigawia. Ungekata neno la chama peke yake, ningekuelewa. Wenye masikio ni wengi, wangetufungia phonie sote. Lakini nilikusikia wazi ukiwaambia Kananga: "Kindu wanasalimia, wote iko wazima."

Mama yako, Kasanda! Aliyekubeba mgongoni!

Wajomba hawakuja matanga. Tulimzika na majirani, nao wakauliza ndugu zetu wako wapi. Kisha jana msafiri ameniletea mzigo kutoka Kananga. Mama mukubwa Kanku, dada yake mwenyewe, ameshona kitenge kipya ili Mama akivae Pasaka, na anauliza kama kitamtosha.

Sikumjibu. Kitenge nimekufungia pamoja na barua hii. Wewe njo uliyesema yuko mzima. Umuvalishe.

Kabedi